Naandika Tukuyu, programu inaniambia nimekosea

"Shikamoo mwalimu. Niko Mafinga, nimemaliza kidato cha sita na nasubiri matokeo. Najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu. Nimetengeneza programu ya maswali ya wilaya zetu za huku ili wadogo zangu wajifunze: inataja wilaya, wewe unaandika makao makuu yake. Shida inasahihisha hovyo. Inauliza Rungwe, naandika Tukuyu, inasema nimekosea, jibu ni Vwawa. Juzi imenishangaza zaidi: nimeandika Tukuyu, ikasema nimekosea, jibu ni Tukuyu! Mara mojamoja inakubali. Rafiki yangu anasema random ya kwenye simu ni mbovu, nisubiri nipate kompyuta. Mwingine kaniambia niweke random.seed. Nimeweka, sasa kila nikifungua inauliza wilaya ileile na kukosea inakosea vilevile. Halafu mama na wenzake wana mchezo wa fedha (upatu) wa watu kumi na wawili, wanataka programu ipange nani apokee mwezi gani, isimrudie mtu. Naogopa nitawaharibia. Nifanyeje? Msimbo wenyewe huu hapa."

```
import random

makao = {
    "Rungwe": "Tukuyu",
    "Mbozi": "Vwawa",
    "Mufindi": "Mafinga",
    "Mbarali": "Rujewa",
    "Ileje": "Itumba",
}
wilaya = list(makao)

print("Makao makuu ya wilaya ya", random.choice(wilaya), "ni wapi?")
jibu = input()
if jibu == makao[random.choice(wilaya)]:
    print("Sahihi!")
else:
    print("Umekosea. Jibu ni", makao[random.choice(wilaya)])
```

Marahaba mwanangu, na kamwene kwa wote hapo nyumbani.

Umeuliza mambo mawili, la wilaya na la mchezo wa mama, na nimefurahi umeyaleta pamoja kwa sababu mzizi wake ni mmoja. Kompyuta imechagua kitu kwa nasibu, na hukuiambia ikitunze. Simu yako ni nzima, Python ni nzima, na jiografia ya kwenu unaijua: nimeipitia kamusi yako, yaani ile jozi ya wilaya na makao makuu uliyoiita makao, na wilaya zote tano zimekaa na makao makuu yake sawasawa. Kasoro iko sehemu tatu tu, na zote tatu zimeandikwa maneno yaleyale: random.choice(wilaya).

Tuusome msimbo jinsi kompyuta inavyousoma. Inafika kwenye print ya kwanza, inakutana na random.choice(wilaya). Hiyo ni amri: nenda kwenye orodha, chukua jina moja bila upendeleo, lilete hapa. Inakwenda, tuseme inaleta Rungwe. Rungwe linaandikwa kwenye skrini na safari yake inaishia hapo. Wewe bado unaliona, lakini programu haisomi skrini yake yenyewe. Kwa upande wake jina lile limeshapotea. Unaandika Tukuyu. Kompyuta inashuka kwenye if, inakuta tena random.choice(wilaya), na inatii kama mwanzo. Inarudi kwenye orodha, safari hii inaleta Mufindi. Inatafuta makao makuu ya Mufindi, inapata Mafinga, inalinganisha Mafinga na Tukuyu, hayafanani. Inashuka kwenye else, na humo inakuta random.choice ya tatu. Hiyo ya tatu ikileta Mbozi, unaambiwa jibu ni Vwawa. Ikileta Rungwe, unaambiwa umekosea kuandika Tukuyu, jibu ni Tukuyu. Ndicho kilichokushangaza juzi.

Hata hesabu yake inaonekana. Orodha ina wilaya tano, kwa hiyo uwezekano wa uchaguzi wa pili kuangukia wilaya ileile ya kwanza ni moja ya tano. Mtu anayejua majibu yote akiulizwa maswali 100, kwa wastani atakubaliwa 20. Katika 80 yanayobaki, kama 16 ataambiwa amekosea kisha aoneshwe jibu lilelile aliloliandika. Na mdogo wako ambaye hajui hata wilaya moja, akiamua kuandika Tukuyu kwa kila swali, naye atapata wastani wa 20, kwa sababu uchaguzi wa pili unaangukia Rungwe mara moja katika kila tano. Kwa maneno mengine, programu kama ilivyo sasa haipimi anachokijua mtu hata kidogo. Ndiyo maana nakusihi uitengeneze kabla hujawapa wadogo zako: mtoto aliyejibu vizuri akaambiwa amekosea anaweza kuacha kuamini alichojua.

Fikiria mama na wenzake wamekunja karatasi wakazitia kwenye kopo. Inachomolewa moja, jina linasomwa, katibu analiandika kwenye daftari. Mtu akichelewa akauliza nani katoka, katibu anasoma daftari; hachomoi karatasi nyingine. Programu yako haina daftari, kwa hiyo kila inapoulizwa inachomoa upya.

Daftari la programu ni kigeu, yaani jina unalolipa thamani ili uiite baadaye. Umeshakitumia bila shaka, maana jibu katika msimbo wako ni kigeu. Ongeza kingine:

```
swali = random.choice(wilaya)

print("Makao makuu ya wilaya ya", swali, "ni wapi?")
jibu = input()
if jibu == makao[swali]:
    print("Sahihi!")
else:
    print("Umekosea. Jibu ni", makao[swali])
```

Hesabu random.choice sasa: iko moja tu. Sehemu zote tatu zilizokuwa zikichagua zinasoma swali.

Hapa wanafunzi wengi huniuliza: "Lakini swali si limeandikwa kuwa sawa na random.choice? Nikilitaja tena si litachagua tena?" Halichagui. Kwenye Python alama ya = inafanya kazi kuanzia kulia. Kwanza upande wa kulia unatekelezwa mpaka unatoka na kitu kimoja, mfano neno Rungwe. Kisha neno hilo ndilo linalofungwa kwenye jina lililo kushoto. Baada ya hapo swali halikumbuki kabisa kwamba lilitokana na bahati nasibu. Ni Rungwe tu, sawa na kama ungeliandika kwa mkono wako. Jiridhishe mwenyewe: chini ya mstari ule andika print(swali) mara tatu, utaona jina moja mara tatu. Andika print(random.choice(wilaya)) mara tatu, utaona yanavyorukaruka.

Nadhani chanzo kimoja cha wasiwasi huu ni Excel, ambayo wengi wameizoea kabla ya kuanza programu. Kule ukiweka RANDBETWEEN kwenye kisanduku, namba inabadilika kila unapohariri chochote kwenye jedwali, kwa sababu kisanduku kinatunza fomula na kuikokotoa upya. Anayetaka namba itulie inabidi ainakili na kuibandika kama thamani tupu. Kigeu cha Python tangu mwanzo kinatunza thamani, hakitunzi fomula.

Kitu kimoja zaidi cha kukitazama ni mabano. Siku utakapoandika funksheni yako mwenyewe, yaani kipande cha msimbo ulichokipa jina ili ukiite, tuseme def chagua() ambayo ndani yake kuna return random.choice(wilaya), utakuwa umeficha uchaguzi ndani ya jina zuri, lakini kila utakapoandika chagua() na mabano yake, inachagua upya. Kosa ni lilelile likiwa limevaa nguo nyingine, na ni gumu zaidi kuliona kwa sababu neno random halionekani pale unapolitafuta. Iite mara moja, uweke matokeo kwenye kigeu.

Sasa tuje kwa marafiki zako. Yule wa kwanza amekosea, ingawa naelewa kwa nini alifikiria hivyo. Random ya Python haitegemei ubora wa simu. Tangu Python 2.3 ya mwaka 2003 imekuwa ikitumia njia iitwayo Mersenne Twister, iliyobuniwa mwaka 1997 na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura. Mfuatano wake wa namba haurudi mwanzo mpaka zitoke namba 2 kwa kipeo cha 19937, kasoro moja. Idadi hiyo ukiiandika yote ina tarakimu 6,002. Simu ya bei ndogo kabisa na kompyuta ya chuo zinaendesha hesabu ileile. Usisubiri kompyuta. Endelea na simu yako, unajifunza kitu kilekile.

Rafiki wa pili amekupa dawa ya kweli ya ugonjwa mwingine. Namba hizi hazitoki hewani. Ni hesabu inayoanzia mahali fulani, na mahali hapo panaitwa mbegu. Usipotaja mbegu, Python inaomba moja kutoka kwenye mfumo wa simu na kila ukifungua unapata mfuatano mpya. Ukiandika random.seed(7) juu ya programu, unaanza mahali palepale kila siku: uchaguzi wa kwanza utakuwa uleule wa jana, wa pili uleule wa jana, wa tatu vivyo hivyo. Lakini wa kwanza na wa pili hazilazimiki kufanana. Ndiyo maana ulipata wilaya ileile na kosa lilelile kila ulipofungua. Kuna mtu anaweza kukushauri uandike random.seed(7) kabla ya kila random.choice, na kweli zitalingana zote, na programu itauliza wilaya moja hadi mwisho wa dunia. Iondoe hiyo mbegu. Uirudishe siku ambayo unawinda kasoro na unataka programu irudie tabia ileile uichunguze. Kwa kazi hiyo inafaa sana.

Ukishapona kosa hili, la pili linalokusubiri ni kinyume chake. Utataka programu iulize maswali matano mfululizo, utaweka mzunguko, yaani mistari inayorudiwa, na kama mstari wa kuchagua umebaki nje ya mzunguko, utaulizwa Rungwe mara tano. Safari hii umetunza kwa muda mrefu kupita inavyotakiwa. Kwa hiyo kila unapotumia bahati nasibu jiulize thamani hii inatakiwa kuishi kwa muda gani. Swali la wilaya linaishi raundi moja: linazaliwa raundi inapoanza, linatumika kuuliza, kusahihisha na kutoa jibu, kisha linaachia nafasi jingine. Basi mstari wake ukae ndani ya mzunguko, juu kabisa:

```
alama = 0
for raundi in range(5):
    swali = random.choice(wilaya)
    jibu = input("Makao makuu ya wilaya ya " + swali + " ni wapi? ")
    if jibu.strip().lower() == makao[swali].lower():
        alama = alama + 1
        print("Sahihi!")
    else:
        print("Umekosea. Jibu ni", makao[swali])
print("Umepata", alama, "kati ya 5")
```

Umeona nimeongeza strip na lower kwenye jibu. Usizidharau, hasa kwa kuwa unatumia simu. Kibodi ya simu ukigusa neno inalokupendekezea, huwa inaongeza nafasi tupu baada ya neno. Macho yako yanaona Tukuyu, kompyuta inaona Tukuyu na nafasi moja nyuma yake, na kwake hayo ni maneno mawili tofauti. Programu itasema umekosea, jibu ni Tukuyu, na utadhani ugonjwa wa random umerudi. Strip inakata nafasi za pembeni, lower inafanya herufi zote ziwe ndogo ili anayeandika tukuyu naye apate haki yake.

Ukiendesha hii utaona wilaya nyingine inajirudia na nyingine haiji kabisa, kwa sababu kila raundi inachagua kwenye orodha nzima bila kujali iliyotangulia. Kama unataka zote tano zije, kila moja mara moja, chagua mpangilio mzima kwa mkupuo mmoja kabla ya mzunguko kuanza:

```
mpangilio = random.sample(wilaya, len(wilaya))
for swali in mpangilio:
```

Mistari hii miwili inachukua nafasi ya mstari wa for na ule wa swali = random.choice(wilaya); mingine ibaki ilivyo. Sample inakuletea orodha mpya iliyochanganywa, ya kwako inabaki ilivyokuwa. Kuna ndugu yake, random.shuffle, nayo inachanganya orodha yenyewe papo hapo na haikurudishii kitu. Anayeandika mpangilio = random.shuffle(wilaya) anajikuta na None, yaani hakuna kitu, mkononi, na mzunguko unakataa. Nimekutajia kwa sababu utakutana nayo kwenye mafunzo mengi. Tumia sample, ina mitego michache.

Sasa mchezo wa mama, na hapa nataka tuende taratibu kwa sababu ni fedha za watu.

Wanachohitaji ni mpangilio wa majina 12 uliopigwa mara moja, ambao utaheshimiwa miezi yote 12. Rejea swali langu: thamani hii inatakiwa kuishi muda gani? Mwaka mzima. Kigeu hakiishi mwaka. Kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda, na ukifunga programu, au simu ikizima kwa chaji, kimekwenda. Mwezi wa pili ukifungua, sample itachagua mpangilio mpya kati ya mipangilio 479,001,600 inayowezekana kwa watu 12, na aliyepokea mwezi wa kwanza anaweza kutokea tena huku mwingine akiambiwa asubiri. Hapo ndipo ungewaharibia kweli, na hofu yako ilikuwa ya haki.

Dawa ni faili. Programu ianze kwa kuuliza kama mpangilio umeshaandikwa. Kama upo, isome. Kama haupo, ndipo ichague na iandike mara hiyohiyo. Katika mistari hii wanachama ni orodha yenye majina yote 12, uiandike juu kabisa:

```
import os
import random

if os.path.exists("zamu.txt"):
    with open("zamu.txt", encoding="utf-8") as faili:
        zamu = faili.read().splitlines()
else:
    zamu = random.SystemRandom().sample(wanachama, len(wanachama))
    with open("zamu.txt", "w", encoding="utf-8") as faili:
        faili.write("\n".join(zamu))

mwezi = int(input("Mwezi wa ngapi tangu mchezo uanze? "))
if 1 <= mwezi <= len(zamu):
    print("Anapokea:", zamu[mwezi - 1])
else:
    print("Andika namba kuanzia 1 hadi", len(zamu))
```

Tunatoa moja kwenye mwezi kwa sababu orodha za Python zinaanza kuhesabu nafasi kwa sifuri. Ule ukaguzi wa namba usiuache. Bila huo, mtu akiandika 0 kwa bahati mbaya, programu inatafuta nafasi ya hasi moja, na kwa Python hasi moja ni mtu wa mwisho kwenye orodha. Haitalalamika hata kidogo. Itamtaja mama wa mwezi wa 12 kana kwamba ni zamu yake. Kosa linalonyamaza namna hiyo ni baya kuliko linalosimamisha programu.

SystemRandom nimeiweka makusudi. Inachukua nasibu moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa simu na haisikii mbegu. Kwenye random ya kawaida mtu anaweza kukaa nyumbani usiku akajaribu mbegu ya 1, ya 2, ya 3, mpaka apate inayomweka mama yake nafasi ya kwanza; kwa watu 12 haichukui zaidi ya majaribio kumi na kitu kwa wastani. Kisha anakuja kikaoni na kupiga kura mbele ya watu wote, kura ambayo matokeo yake anayajua tangu jana. Sisemi wewe utafanya hivyo. Nasema mwanachama mmoja akija kulielewa jambo hili, ni vizuri uwe na jibu. Na siku utakapohitaji kutengeneza nywila au namba ya siri, usitumie random kabisa. Python ina moduli iitwayo secrets, tangu toleo la 3.6, kwa kazi hiyo.

Hata hivyo SystemRandom haimzuii mwenye simu kufuta zamu.txt na kupiga kura tena faraghani. Hakuna msimbo utakaomaliza hilo, na nisingependa ubebe mzigo wa kuaminiwa peke yako. Kama kina mama wote 12 wanakutana ana kwa ana, ushauri wangu wa dhati ni wabaki na karatasi na kopo: kila mtu anaona, na hakuna anayehitaji kuelewa Python ili aridhike. Wewe waandikie programu ya kutunza na kusoma mpangilio waliokwisha kuupata, ambayo haichagui chochote. Programu ya kuchagua ina faida yake pale wanachama walipotawanyika, mmoja yuko Makambako, mwingine Iringa mjini, na hawawezi kukaa chumba kimoja. Wakiamua kuitumia, iendesheni kikaoni au kwenye simu ya sauti wote wakisikiliza, soma majina yote 12 kwa sauti, katibu ayaandike kwenye daftari na wenzake wathibitishe. Baada ya hapo daftari ndilo lenye neno la mwisho. Faili ni nakala.

Mwanachama akijitoa katikati ya mwaka, usifute faili ili uchague upya, maana utavuruga zamu za ambao hawajapokea. Kikao kiamue, kisha fungua zamu.txt kwa mkono na usahihishe jina hilo tu. Akiingia mpya, mara nyingi huwekwa mwisho.

Ni lini utafute mtu wa kukaa naye? Kwa programu ya wilaya sioni haja. Ukikwama, weka print(swali) kabla na baada ya if, uone kama thamani imebadilika njiani. Na kama bado haieleweki, chukua kalamu, andika kila mstari na thamani ya kila kigeu baada ya mstari huo. Kwa mistari kumi na tano kazi hiyo haimalizi chai kikombe kimoja, na inafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Kwa programu ya mchezo, ndiyo, tafuta macho ya pili kabla haijagusa zamu halisi, hasa upande wa faili. Kwenye simu, programu zinazoendesha Python huweka mafaili kwenye folda zake, na ukiiondoa programu hiyo mafaili yanaweza kuondoka nayo. Mistari hii ikishindwa kuiona zamu.txt kwa sababu yoyote, haitakuonya. Itafuata njia ya else na kupiga kura mpya. Weka print(os.getcwd()) ujue faili linakaa wapi, tuma nakala kwa katibu, kisha jaribu kwa majina ya uongo: endesha, funga, zima simu, washa, endesha tena, linganisha. Kama majina yanabadilika na hujui kwa nini, mwonyeshe mtu ana kwa ana. Iringa si mbali na ulipo na kuna vyuo vikuu vinavyofundisha kompyuta. Huku Mbeya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kina wanafunzi na walimu wa fani hiyo. Nenda na simu yenyewe, maana tatizo la folda halionekani kwenye msimbo ulionakiliwa kwenye karatasi.

Na ukiniandikia tena, nitumie msimbo mzima kwa maandishi kama ulivyofanya safari hii, pamoja na maneno yaleyale yaliyotokea kwenye skrini. Sentensi yako ya "jibu ni Tukuyu" ndiyo iliyonionesha kwamba uchaguzi ulikuwa unafanyika mara tatu, hata kabla sijaufikia msimbo.